Mtego wa Aliyetangulia

Dada yangu alikataa kuja. Alisema atabaki nyumbani akunje nguo, na nguo zenyewe zilikuwa zimeshakunjwa na kupangwa.

"Nenda wewe, kaka," akaniambia. "Mimi nikisikia mashine inaunguruma, mkono ambao sina unaniuma."

Mkono wake wa kulia ulichukuliwa na mkanda wa mashine ya kusaga, binti yake akiwa bado anatambaa. Aliajiriwa asubuhi, akaonyeshwa kitufe cha kuwashia, akaambiwa kazi ni hiyo. Hakuna aliyemwonyesha kingine. Kwa hiyo yule mtoto alikua akimtazama mama yake akifunga kitambaa cha kichwa kwa mkono mmoja na meno. Mtoto mwingine angekaa mbali na kila kitu chenye mota. Huyu akamaliza shule na kusema anataka kwenda chuo akasomee ualimu wa teknolojia na uhandisi, apate shahada, afundishe watoto wa watu kukata vyuma, kutoboa mbao na kuunga nyaya.

"Kwa nini usifundishe historia?" nilimwuliza. "Historia haimkati mtu kidole."

"Ndiyo maana, mjomba."

Mimi ni mtu wa njia. Nimelala bandarini, migodini, juu ya magunia kwenye malori, na katika nyumba za watu ambao hata majina yao sikuwauliza. Shule nimeipitia kama mtu anayeonja chumvi jikoni: darasa la pili hapa, la nne kule, jioni chache kwa mstaafu mmoja aliyenifundisha kusoma magazeti ili apate wa kubishana naye. Nilikuwa nimekuja kwa dada kupumzisha miguu kabla sijaondoka tena. Ndipo mpwa wangu akaniambia anahitaji wanafunzi.

Nikadhani ananitania. Kumbe chuo chao kina utaratibu wake. Mwaka wa mwisho kuna mtihani wa karakana, na usipoufaulu huo shahada huioni, hata kama umepasua mitihani mingine yote. Mtahiniwa anaingia karakana na wanafunzi, anawafundisha kutumia mashine kwa mikono yao wenyewe, na watahini wawili wanamtazama. Watoto wa shule hawaruhusiwi, kwa sababu bado huyo si mwalimu. Kwa hiyo kila mtahiniwa analeta watu wazima wake: ndugu, majirani, yeyote ambaye hajawahi kuigusa mashine hiyo. Na mle ndani haitwi mwalimu. Anaitwa mtahiniwa mpaka afaulu. Siku mtahini akikuita mwalimu, umeshavuka.

Hilo lingekuwa jepesi. Kuna jingine. Kabla mtahiniwa hajaingia, mtahini anatega hitilafu moja kwenye mashine. Moja tu, lakini ya kweli, ya kuumiza mtu. Wao wanauita mtego. Mtahiniwa lazima auone na aurekebishe kabla mwanafunzi hajagusa chochote. Muda wote huo mtahini amesimama kando ya swichi kuu, filimbi mdomoni. Ukinyoosha mkono kuwasha hujauona mtego, anapuliza, anakata umeme, na mtihani umekwisha hapo hapo. Wanafunzi wa chuo walimpa mtahini huyo jina la Filimbi, na walilitaja kwa sauti ya chini hata akiwa hayupo.

Mpwa wangu alikuwa ameshafeli mara moja. Mtego aliuona, tena mapema. Kisha akaendelea kukagua. Akaanza upya kutoka kwenye plagi, akapapasa waya wote, akafika mwisho, akarudia. Kengele ya muda ikagonga mwanafunzi wa kwanza hajaondoka kwenye benchi. Filimbi alimwambia mbele ya watu wote: "Mtego ni mmoja, binti. Ukishauona, fundisha. Woga si somo." Tangu siku hiyo wenzake wakamwita Rudia, na jina likamganda.

Nafasi ya kurudia mtihani ni moja. Akianguka tena, miaka yote ile inakwenda na maji. Anatoka chuoni mikono mitupu, na mama yake mwenye mkono mmoja anamfungulia mlango.

Basi wiki ile nzima nyumbani tulimwimbia wimbo mmoja. Mama yake aliuimba, jirani yetu muuza mitumba aliuimba, na mimi nikaitikia: ukiupata mmoja, basi. Usirudie.

"Naapa sirudii," alisema asubuhi ile akifunga vifungo vya ovaroli. Kifungo cha juu alikikosa mara tatu.

*

Tulikaa kwenye benchi nje ya karakana, mimi, muuza mitumba, na mume wa muuza mitumba ambaye ni kinyozi na huwa hasemi. Ukuta ulikuwa na rangi ya kijivu hadi kifuani na nyeupe juu yake, na harufu ya mafuta ya mashine ilipenya chini ya mlango. Ndani alikuwa mtahiniwa mwingine, kijana mrefu mwenye viatu vilivyong'arishwa. Tulimsikia akifundisha kwa sauti nzuri ya redioni.

"Huyo kafaulu," muuza mitumba akasema. "Sauti tu inatosha. Wewe mwanangu ukiingia, ongea hivyo hivyo, usiongee kama unaomba maji."

"Sawa, mama."

"Na usitetemeke. Ukitetemeka na mimi natetemeka, na mimi nikitetemeka benchi linavunjika."

Mpwa wangu akacheka kidogo. Nikamwona anavyosugua kidole gumba kwenye ncha za vidole vingine, kimoja kimoja, kama anayehakiki kama bado vipo. Tangu utoto anafanya hivyo.

Ndipo filimbi ikalia.

Sijui nikuelezeje ile sauti. Nimesikia honi za meli na ving'ora vya mgodi, lakini ile filimbi ndani ya chumba chenye kuta za saruji ilinipita katikati ya meno. Nikasikia swichi kuu ikishushwa, kisha sauti ya Filimbi ikasema, taratibu kabisa, "Umemuua mwanafunzi wako. Unaweza kwenda."

Mlango ukafunguliwa. Kijana mrefu akatoka, wanafunzi wake nyuma yake, bibi mmoja na vijana wawili, wameinamisha vichwa kama wanatoka msibani. Alipotupita akasimama mbele ya mpwa wangu, akafungua mdomo, kisha akaona aibu na kwenda zake. Machozi yalikuwa yanamchuruzika na hakuyafuta. Fundi wa karakana alitoka mbio nyuma yake na glasi ya maji.

"Kumbe sauti haitoshi," kinyozi akasema. Hayo ndiyo maneno yake pekee niliyoyasikia asubuhi hiyo.

Sasa nikuambie jambo ambalo sisi wote pale hatukulijua, maana mimi sipendi hadithi za kumfumba msikilizaji macho. Mtego wa yule kijana ulikuwa kwenye jiriwa, lile koleo zito la chuma linaloubana ubao juu ya meza ya mashine. Jiriwa hufungwa kwa bolti mbili zinazopita kwenye meza, na chini ya meza kila bolti inakazwa kwa nati. Filimbi alikuwa ameziondoa nati. Ukitazama kwa juu unaona vichwa vya bolti vimekaa kama askari. Chini hakuna kitu. Keekee, ile ncha ya chuma inayotoboa, ikizama kwenye ubao na kukwama, inauzungusha ubao, na ubao unaizungusha jiriwa, na mkono wa mtu umeishika.

Na utaratibu wao ulikuwa hivi: anayeuona mtego ndiye anayeurekebisha, ni sehemu ya mtihani. Je, asiyeuona? Hapo ndipo hawakuwa wamefikiri. Mara nyingi fundi wa karakana aliurekebisha, mara nyingine Filimbi mwenyewe, yeyote aliyekuwa karibu. Leo fundi alikuwa nje anambembeleza mtu anywe maji, akiamini mtahini atarekebisha. Mtahini alikuwa ndani anatega mtego mpya, akiamini fundi amesharekebisha.

Nati mbili zilikuwa kwenye kisahani dirishani. Mlango ukafunguliwa, tukaitwa.

*

Ndani mwanga ulitoka kwenye madirisha ya juu. Mashine ya kutobolea ilisimama katikati, ya kijani, imekwanguka rangi mabegani, keekee ikining'inia juu ya meza yake. Kulikuwa na viti virefu vya mbao kwa ajili yetu. Mtahini wa nje, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, alikuwa amekaa pembeni na faili magotini. Huyo anatoka chuo kingine, kazi yake ni kuhakikisha haki inatendeka. Filimbi alisimama kando ya swichi kuu. Mwembamba, shati limenyooka kama ubao, filimbi mdomoni tayari.

"Mtahiniwa," mama yule akasema, "muda wako umeanza."

Kichwani kwangu nilikuwa naimba: mmoja tu, mmoja tu.

Mpwa wangu alitusalimia, akatuvalisha miwani ya kinga. Muuza mitumba yake ilimkaza masikioni, akalalamika kwamba ameumbwa kichwa cha watu wawili. Kisha mpwa wangu akaigeukia mashine na kuanza kukagua kwa namna yake. Yeye hatumii macho kwanza, anatumia mkono. Akaanza kwenye plagi, vidole vikapanda na waya, vikafika kwenye mota, vikauzunguka mkanda na kifuniko chake, vikashuka hadi penye meno yanayoibana keekee. Hapo vikasimama.

Pale ubavuni kulikuwa na ufunguo mdogo umechomekwa, ule unaotumika kukazia keekee. Ulikuwa upande wa nyuma, kivulini. Ukiwasha mashine ufunguo ungali pale, unaruka kama jiwe la manati, na macho ya watu yako usawa ule ule.

Aliuchomoa. Akauinua juu ili watahini wauone, akautundika kwenye ndoano yake ukutani. Alikuwa ameupata.

Muuza mitumba alinifinya paja hadi nikaumia. Filimbi alitikisa kichwa kukubali. Akaitoa filimbi mdomoni, akaifuta kwa leso, akaitia mfukoni. Kisha akaondoka kwenye swichi kuu, akaenda kuketi karibu na mwenzake, akakunja nne.

Mimi nilishusha pumzi. Nikajiambia, mtoto wa dada yangu kavuka. Mpaka leo nikiikumbuka ile pumzi niliyoishusha, mgongo unaniingia baridi.

Akafundisha. Mwanzoni sauti ilikuwa ya kuomba maji, kama jirani alivyoogopa, kisha ikapata miguu. Alitueleza keekee inavyokata, kwa nini ubao haushikwi kwa mkono mtupu, kitufe chekundu ni cha nini. Alitania kwamba kitufe chekundu ni kama mama mkwe, usimguse bila sababu lakini ujue alipo. Muuza mitumba akacheka, na hata mama wa miwani nikamwona anabana midomo. Nilikaa pale kwenye kiti kirefu, mzee mzima, nikagundua namsikiliza kama mtoto. Hakuna aliyewahi kunieleza kitu mpaka mwisho. Kila mahali nilipofika niliambiwa shika hapa, vuta pale.

"Mwanafunzi wa kwanza," akasema. "Mjomba, njoo."

Nilipiga moyo konde, nikaenda. Akaniweka mbele ya mashine. Akaubana ubao kwenye jiriwa, akauchukua mkono wangu wa kushoto na kuuweka juu ya mpini wa jiriwa. Mkono wa kulia akaushikisha usukani wa kushushia keekee.

"Shika imara. Nitawasha. Usishushe mpaka nikwambie."

Chuma kilikuwa cha baridi. Nilikodolea macho ncha ya keekee na ghafla nikamwona dada yangu akifunga kitambaa kwa meno. Nilitaka kusema jambo, lakini jambo gani? Sikujua chochote. Nilikuwa naogopa bure, kama mtu yeyote mbele ya mashine, na nilikuwa nimeapa kutomtia woga mtoto wa watu.

Kidole chake kilifika kwenye kitufe cha kijani, kikabaki juu yake.

Nikamtazama. Alikuwa haangalii kitufe. Alikuwa anaangalia mkono wangu wa kushoto, na kidole gumba cha mkono wake mwingine kilikuwa kinatembea kwenye ncha za vidole, kimoja kimoja.

"Mtahiniwa," Filimbi akasema kutoka kwenye kiti chake. "Muda."

Kwenye ukuta mshale wa saa ulikuwa umevuka nusu. Muuza mitumba akanong'ona, na mnong'ono wake unasikika mtaa wa pili, "Washa, mwanangu. Umeshaupata. Washa."

"Mama, ngoja."

"Naapa sirudii, ulisema!"

"Wanafunzi kimya," Filimbi akasema, na nikasikia kalamu yake ikibofywa.

Yeye pia aliisikia. Niliuona uso wake ukimshuka. Huyu binti alijua kabisa kalamu ile inaandika nini. Alijua mtego ni mmoja, na huo mmoja uko ukutani kwenye ndoano. Alijua jina ambalo wenzake watampa tena jioni. Kila kitu mle chumbani kilikuwa kinamwambia awashe, na mimi pia, kwa macho yangu, Mungu anisamehe, nilikuwa namwambia awashe yaishe.

Akaondoa kidole kwenye kitufe.

"Mjomba, toa mikono. Rudi nyuma. Kaa."

"Mwanangu..."

"Kaa, mjomba."

Nikarudi kinyumenyume hadi kiti kikanigonga. Muuza mitumba alifunika uso kwa viganja. Filimbi aliandika neno moja, nikaona jinsi mkono wake ulivyokwenda na kusimama, halafu akaegemea nyuma kama mtu aliyekwisha kusafiri na kufika. "Kama mwaka jana," akamwambia mwenzake, polepole, bila ukali. Hilo liliniuma kuliko angefoka.

Mpwa wangu alirudi kwenye plagi. Waya. Mota. Mkanda. Meno ya keekee. Midomo ilikuwa inachezacheza bila sauti. Vidole vikashuka kwenye meza, vikapita juu ya jiriwa, vikagusa kichwa cha bolti ya kwanza, na cha pili. Vimekaa vizuri. Akasita.

Kisha akapiga magoti kwenye saruji, akaingiza mkono chini ya meza.

Nilimwona akibaki hivyo. Bega lake halikutikisika, hata pumzi sikuiona. Halafu mkono mwingine ukapanda juu, ukashika kichwa cha bolti kwa vidole viwili, na kuivuta. Ikatoka yote, ndefu, bila kukwama popote, kama kijiti unachokichomoa kwenye uji.

Akaishika mbele ya uso wake. Akaitoa na ya pili. Akaisukuma jiriwa kidogo kwa kidole kimoja, ikateleza juu ya meza ikiwa na ubao wangu ndani yake, pale pale mkono wangu ulipokuwa.

"Huo si wangu," Filimbi akasema. Alikuwa amesimama, sikumwona akisimama. "Mtego wangu ulikuwa ufunguo. Huo ni wa..." Akageuka kutazama dirishani. Nati mbili zilikuwa pale kwenye kisahani, zinang'aa juani kama sarafu. Mkono wake ulikwenda mfukoni kutafuta filimbi, ukaitoa, na hakujua aifanyie nini. Akabaki ameishika.

Mama wa miwani hakupaza sauti. "Nani huzirudisha, mtahiniwa asipouona mtego?"

Mlangoni fundi wa karakana alikuwa amerudi na glasi yake tupu, na alipoona zile bolti mkononi mwa binti, akaegemea fremu ya mlango.

"Nasimamisha saa," mama yule akasema. "Mtahiniwa, ulijuaje?"

"Sikujua," mpwa wangu akajibu. Alikuwa bado amepiga magoti. "Niliuona mkono wa mjomba pale, nikaogopa."

"Unaweza kuendelea? Una haki ya kukataa. Tutapanga siku nyingine."

Akafikiri. Akainuka, akafuta magoti. "Naomba nikague tena kwanza. Yote. Tangu mwanzo."

"Kagua."

Akazichukua nati dirishani, akazirudisha chini ya meza, akazikaza kwa spana hadi mishipa ikamtoka shingoni. Kisha akaanza tena kwenye plagi. Alikagua yote, akarudia yote, na mle ndani hakuna aliyeutazama mshale wa saa. Muuza mitumba alikuwa amefumba macho. Filimbi alikuwa amerudi kusimama kando ya swichi kuu, filimbi mdomoni. Nilikuwa naisikia ikigongana na meno.

"Mjomba, njoo."

Hapo sasa miguu yangu ilikataa. Nakwambia kweli. Nimevuka mito ya mafuriko, nimelala kwenye shimo la mgodi lililokuwa linadondosha mawe, na nimekimbia mabaya mengi kwa miguu hii hii. Siku hiyo miguu ilikuwa imeota mizizi. Nilikuwa naitazama ile jiriwa tu.

"Chukua mwingine," nikasema. "Chukua kinyozi. Mkono wake umezoea mashine za kunyolea."

Hakunicheka. Alinijia pale nilipokaa, akainama, akasema kwa sauti ambayo watahini hawakuhitaji kuisikia: "Mjomba, na mimi naogopa. Njoo tuogope wote. Utaikagua wewe mwenyewe, mimi nitakuonyesha. Usipoiridhia, hatuwashi. Naapa."

Akanishika mkono, akaupeleka kwenye plagi. Waya. Mota. Kifuniko cha mkanda. Akaniambia kila kimoja kinaweza kumfanya nini mtu na nitakijuaje. Akanipigisha magoti na kuuingiza mkono wangu gizani chini ya meza, nikazigusa zile nati, nikajaribu kuzizungusha kwa nguvu zangu zote, zikagoma. Sikumbuki kama nimewahi kufundishwa kitu kwa namna ile.

"Umeridhika?"

"Ile nati ya pili tena," nikasema. Nikaijaribu tena mwenyewe. "Haya. Washa."

"Saa inaendelea," mama wa miwani akasema.

Mota ikaunguruma. Mkono wake ulikuwa juu ya wangu kwenye usukani, wenye jasho, baridi kama wa mgonjwa. Tukashusha. Keekee ikagusa ubao, ikalia, vumbi la mbao likaanza kutoka jembamba kama nywele. Katikati ikakwama kidogo, mashine ikashtuka, na jiriwa ikaguna chini ya kiganja changu cha kushoto. Niliona giza. Lakini haikusogea. Haikusogea hata unywele. Keekee ikapita, ikatokea upande wa pili, na sauti ikalainika.

Akazima. Kengele ya muda ikagonga karibu wakati ule ule. Sijui ipi ilitangulia, na sikumwona yeyote aliyejishughulisha kujua.

Mama wa miwani akaandika, akamsogezea Filimbi faili. Filimbi aliishika kalamu kwa muda. Alilikata lile neno aliloliandika mwanzo, akatia sahihi, akalirudisha faili bila kuinua macho.

"Mwalimu," mama yule akasema, "ruhusu wanafunzi wako watoke."

Muuza mitumba alipiga kigelegele, miwani ya kinga ikamruka kichwani. Kinyozi akaiokota. Kila mtu akaanza kwenda mlangoni isipokuwa mimi, maana nilikuwa sijaachia. Mkono wa kulia ulikuwa umeganda kwenye usukani, wa kushoto kwenye jiriwa, mashine imeshazimwa, na sikuwa na habari.

"Mjomba, unaweza kuachia sasa."

"Naachia."

Siachii. Ikabidi aje anibandue yeye, kidole kimoja kimoja, kama unavyombandua mtoto kwenye nguo ya mama yake. Alianza na mkono wa kushoto. Kila kidole alichokitoa alikiminya kidogo kwenye ncha, akakihesabu kwa sauti ya chini, akahamia kingine. Alipofika mwisho akaanza tena kwenye gumba. Nikamwacha arudie.